Kaeni Mpaka Wapatane
Mhadhara kuhusu kutazama maisha ya sokwe na nyani katika bustani za wanyama



Nianzie Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Pale kuna kituo cha wanyama kilichoanza mwaka 1952, na wenyeji wengi mpaka leo wanakiita zuu tu. Sokwe wa pale wamewekwa kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na mfereji, kwa kuwa sokwe hajui kuogelea na maji humzuia kuliko ukuta. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi ng'ambo ya mfereji na daftari langu, likafika basi la watoto wa shule ya msingi. Walikuta dume mmoja mkubwa amesimamisha manyoya, anaburuta tawi, anapiga ardhi kwa miguu. Akamvamia sokwe mmoja kijana wa kiume, akamchapa kofi la mgongo, na yule kijana akakimbia akipiga mayowe, meno yote yako nje. Mtoto mmoja akapaza sauti kwamba sokwe anacheka. Wote wakaangua kicheko. Mwalimu akawahesabu, akawapanga mstari, wakaenda kuwaona simba.

Mimi nilibaki. Kwa muda wa kama robo saa hapakutokea kitu cha kumshangaza mtu. Kila sokwe alikaa peke yake, wengine wamegeukia pembeni. Kisha yule aliyepigwa akaanza kusogea: hatua mbili anakaa, hatua mbili anakaa, kama mtoto aliyetumwa dukani kukopa. Alipofika karibu akanyoosha mkono, kiganja kimeelekea juu. Dume mkubwa akautazama ule mkono, akaugusa kwa midomo, halafu akamvuta mwenzake kifuani. Wakakumbatiana. Baadaye wakaanza kupekuana manyoya, na kisiwa kizima kikalegea. Mama mmoja aliyekuwa amembana mwanawe tumboni tangu ugomvi uanze alimwachia akacheze.

Wakati huo wale watoto walikuwa kwa simba. Walirudi nyumbani na nusu ya habari, na hata hiyo nusu waliisoma vibaya, maana yule kijana hakuwa anacheka. Sokwe akikenua meno namna ile ameshikwa na hofu. Kicheko chake ni kingine kabisa: mdomo umeachama, meno ya juu yamefunikwa na mdomo wa juu, na pumzi inamtoka haraka haraka kwa sauti nzito ya kooni. Utakiona anapotekenywa na mwenzake. Aliyetufundisha kutenganisha nyuso hizi mbili ni Mholanzi Jan van Hooff, aliyezichunguza tangu miaka ya 1960, na jina lake nitalirudia.

Nimekuja na ombi moja. Ukisimama mbele ya sokwe au nyani waliofungiwa, ukaona wanagombana, usiondoke. Kaa mpaka wapatane. Haraka ile ya kuona kishindo na kuondoka imewahi kuwapotosha hata wasomi wakubwa, na ulimwengu mzima ukapotoka nao kwa miaka thelathini.

Kabla sijaeleza, neno dogo kuhusu majina. Vitabu vyetu vya shule huwarundika wanyama hawa wote na kuwaita "jamii ya nyani", kana kwamba ni kabila moja. Lugha yetu ni makini kuliko vitabu hivyo. Ina nyani, tumbili, kima, mbega, ngedere na komba, na ina sokwe ambaye wengine humwita sokwe mtu ili asichanganywe na gorila. Waliotunga msemo kwamba kesi ya ngedere hapelekewi nyani walijua vizuri kwamba hao ni watu wawili, ingawa ni ndugu. Nikihitaji neno la kuwakusanya wote nitasema primati, kama wataalamu wasemavyo.

Sasa twende London. Mwaka 1925 bustani ya wanyama ya mji huo ilifungua kilima cha kutengeneza, chenye mawe na mapango, kikaitwa Kilima cha Nyani. Ukubwa wake ulikuwa kama uwanja wa mpira wa kikapu, labda zaidi kidogo. Ndani yake wakaachiwa nyani wapatao 100 wa aina ya hamadriasi, wale ambao madume wao wana manyoya marefu ya kijivu yanayoanguka mabegani kama joho. Kwao ni Ethiopia, Eritrea na Somalia, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu huko Yemen na Saudia. Waliotakiwa walikuwa madume watupu, kwa sababu mgeni anayelipa kiingilio anataka kuona joho. Majike wachache wakaingia humo kwa makosa.

Mapigano yakaanza mapema. Wenye bustani wakadhani tatizo ni uhaba wa majike, basi mwaka 1927 wakaongeza majike 30 kwa mkupuo. Hapo ndipo balaa lilipokuja. Madume waliwang'ang'ania majike, wakawavuta huku na huku, wakawauma, na hata jike akishakufa walizidi kuugombea mwili wake. Katika majike 33 waliokufia pale, 30 waliuawa kwenye vurugu hizo. Na umati ulikuwa ukitazama.

Miongoni mwa waliotazama alikuwepo Solly Zuckerman, kijana msomi aliyezaliwa Cape Town, mtaalamu wa maumbile ya miili. Mwaka 1932 alitoa kitabu kuhusu maisha ya jamii ya nyani na sokwe, na kwa miaka mingi kikawa ndicho kitabu. Alieleza kwamba kinachowaweka primati pamoja ni mvuto wa dume kwa jike, na kwamba ubabe wa madume ndio unaopanga kila kitu. Alikuwa na macho makali, na aliyoyaandika aliyaona kweli. Kosa lilikuwa kwenye alichokihesabu kuwa jamii.

Hebu fikirini. Chukua wanaume mia wasiojuana, kila mmoja umemnyakua kwao kwa nguvu. Wafungie uani, usiwape pa kukimbilia wala mzee wa kuwaamua. Baada ya miaka miwili watupie wanawake thelathini, nao pia wageni. Halafu simama juu ya ukuta uandike kitabu kuhusu ndoa za binadamu. Mwandishi huyo angekuwa ameeleza kwa ufasaha kabisa kazi ya huo ua.

Aliyelisahihisha jambo hili naye alianzia kwenye bustani ya wanyama, na ndiyo maana siungani na wanaosema kwamba mnyama aliyefungiwa hana cha kutufundisha. Hans Kummer, Mswisi, aliketi miaka ya 1950 mbele ya kundi dogo la hamadriasi katika bustani ya Zurich. Wale walikuwa wamezoeana. Aliona mambo madogo madogo: jike akienda mbali, dume wake humwinulia nyusi, asiporudi, humfuata na kumbana shingoni kwa meno, na jike hurudi kumfuata yeye. Aliona pia kwamba jike mwenye ugomvi na mwenzake hujitahidi kusimama mbele ya dume mkubwa kabisa, kisha ndipo humtisha hasimu wake, ili hasimu akijibu aonekane anamtisha mkubwa. Ujanja huo mtu yeyote aliyekulia nyumba yenye wake wenza au ndugu wengi anaujua.

Mwaka 1960 Kummer akafunga safari kwenda mashariki mwa Ethiopia, kwenye nchi kavu ya vichaka vya miiba, akawafuata hamadriasi kwa miguu. Jioni aliwakuta kwa mamia, wamejazana kwenye kuta za magenge wanakolala ili chui asiwafikie. Asubuhi walishuka na kugawanyika, makundi kwa makundi, mpaka ikabaki dume mmoja na wake zake wachache na watoto. Wakikutana tena jioni hakuna vita. Dume anayemwona mwenzake ana jike wake hujizuia, hata kama angeweza kumpiga. Heshima hiyo hujengwa polepole, kwa kujuana. Pale London haikupata hata siku moja ya kumea. Ishara alizoziona Zurich alizikuta zote Ethiopia, nyusi na shingo na kila kitu. Kundi dogo lililotulia lilikuwa limemwambia kweli.

Mwanamke mmoja aliyefundisha Makerere, Thelma Rowell, alikuja kulikazia jambo hili kwa upande wake. Miaka ya 1960 aliwafuata nyani wa msitu wa Ishasha, magharibi mwa Uganda, wakati pia akiwatunza na kuwatazama nyani waliofungiwa. Kule Ishasha aliwakuta watu wapole. Mapigano machache, na njia ya siku mara nyingi ikiamuliwa na majike wazee. Wale waliofungiwa walikuwa na vyeo vinavyoonekana waziwazi, nani anampisha nani. Sababu moja aliyoieleza ni rahisi mno hata mtu anaweza kuipita bila kuiona: chakula cha kizuizini huletwa mahali pamoja kwa saa moja. Msituni kila mtu anachuma mti wake. Mwaga karai moja la ndizi katikati ya ua na umeshaanzisha ubabe kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo mtunzaji anayetawanya chakula, akaficha karanga kwenye majani na kwenye mashimo ya magogo, anafanya kazi kubwa ya amani ambayo mgeni haioni.

Nimefika Arnhem, Uholanzi, na hapa nitakaa, kwa sababu habari yake ni tamu na ni chungu.

Bustani ya wanyama ya Burgers ni ya ukoo. Ilianzishwa mwaka 1913, na miaka ya 1970 ilikuwa mikononi mwa mjukuu wa mwanzilishi, Antoon van Hooff. Ndugu yake ndiye yule Jan van Hooff wa nyuso na vicheko. Mwaka 1971 ndugu hawa wawili walifanya jambo ambalo wengi walidhani ni wazimu: waliwaweka sokwe wengi pamoja, madume watu wazima kadhaa, majike na watoto, kwenye kisiwa cha karibu hekta moja chenye miti, mfereji pande zote. Mpaka wakati huo bustani nyingi ziliwaweka sokwe mmoja mmoja au wawili wawili, kama wafungwa. Kundi la Arnhem likafikia sokwe wapatao 25.

Mwaka 1975 akaja pale kijana Frans de Waal, mwanafunzi wa Jan van Hooff, akakaa miaka sita. Alitumwa achunguze ugomvi. Siku moja ya baridi, sokwe wakiwa ndani ya ukumbi, dume mmoja alimvamia jike, wengine wakaingilia, ikawa zogo la jengo zima. Kisha kimya. Ghafla kundi lote likapiga kelele za shangwe, na katikati ya kelele hizo sokwe wawili wamekumbatiana na kubusiana. De Waal alizunguka na jambo hili kichwani kwa saa kadhaa kabla ya kutambua kwamba wale wawili ndio walewale waliogombana. Neno lililomjia ni lile ambalo sisi tungesema suluhu. Wataalamu wa wakati ule walilikataa, wakasema ni neno la binadamu. Akahesabu. Mwaka 1979, pamoja na mwenzake Angeline van Roosmalen, alichapisha matokeo: waliotoka kugombana walitafutana na kugusana kuliko siku za kawaida, na mara nyingi kwa busu. Tangu hapo suluhu imeonekana kwa aina nyingi za primati, na hata kwa wanyama wengine wanaoishi pamoja. Ilikuwa ikitokea mbele ya macho ya watu tangu bustani ya kwanza ilipojengwa.

Sitaki mwende nyumbani mkidhani sokwe ni malaika. Dume mkuu wa Arnhem aliitwa Yeroen. Mwaka 1976 Luit, mwenye nguvu kuliko yeye, akaanza kumchimba. Hakuanza kwa ngumi. Alimfuatilia kila jike aliyekaa na Yeroen, akamsumbua mpaka aondoke. Wiki baada ya wiki Yeroen akabaki hana watu. Alipopoteza cheo alijitupa chini na kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Lakini nyani mzee amekwepa mishale mingi, na sokwe mzee vivyo hivyo. Yeroen akamshika mkono dume kijana, Nikkie, ambaye peke yake asingemweza Luit. Pamoja walimwangusha. Cheo akapewa Nikkie, na Yeroen akabaki nyuma ya kiti, akipata majike na heshima kuliko alivyostahili umri wake. Nikkie alijua kwamba siku mzee akisogea upande wa pili, yeye hana kitu.

Mnaotoka Kigoma mnaweza kuona fahari kwa kitu kimoja. Miaka ileile, Mjapani Toshisada Nishida, aliyeanza kazi milima ya Mahale mwaka 1965, alikuwa akitazama mkasa uleule kando ya Ziwa Tanganyika. Madume wawili, Kasonta na Sobongo, wanagombea ukubwa. Dume wa tatu aliyezeeka, Kamemanfu, anahama leo kwa huyu kesho kwa yule, na kila anapohamia ndipo ushindi unapokwenda. Nishida alilichapisha hilo mwaka 1983. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba siasa za Arnhem zimezaliwa na mfereji.

Ila mwisho wa Luit nauona bado kama swali. Mwaka 1980 urafiki wa Nikkie na Yeroen ulivunjika, na Luit akarudi kileleni kwa wiki chache. Usiku mmoja wa Septemba madume watatu walilala chumba kimoja. Walikuwa wamekataa kutenganishwa. Asubuhi Luit alikutwa ameketi kwenye damu yake, vidole vimeng'olewa, korodani zimekatwa. Daktari alimshona kwa saa nyingi. Akafa. De Waal alisema wazi kwamba kifo hicho kilibadilisha maisha yake ya kazi. Kuanzia hapo alitaka kujua kwa nini suluhu huzuia damu, na kwa nini wakati mwingine hushindwa.

Je, ni ukuta uliomuua Luit? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Oktoba 2011, huko Mahale, dume mkuu aliyeitwa Pimu aliuawa mchana na madume wa kundi lake mwenyewe, watafiti wakitazama, na msitu ulikuwa wazi pande zote. Kwa hiyo sokwe huuana pasipo ukuta pia. Lakini dume aliyeshindwa Mahale anaweza kuhama, akaishi pembezoni miezi hata miaka, akisikiliza sauti za wenzake kwa mbali mpaka upepo ubadilike. Luit hakuwa na pembezoni. Naamini mlango mmoja wa kutokea ungetosha kumpa asubuhi nyingine, na ndiyo sababu nikiingia bustani yoyote jambo la kwanza ninalolitafuta ni njia ya mkosaji: akifukuzwa, anaweza kukimbilia wapi asionekane? Kama jibu ni hapana popote, ugomvi utakaouona humo hautakwambia mengi kuhusu sokwe.

Na majike? Kwa muda mrefu watazamaji waliwaona kama watazamaji wenzao. Pale Arnhem mhimili alikuwa jike aliyeitwa Mama. Alizaliwa yapata 1957, mzito wa umbo, na hakuna dume aliyepata ukuu bila ridhaa yake. Madume wawili wakigombana na kila mmoja anaona haya kuanza kupatana, Mama alimwendea mmoja, akamkalia karibu, akampekua manyoya, kisha akaondoka polepole kuelekea kwa yule mwingine huku wa kwanza anamfuata nyuma. Akaketi katikati yao. Wote wawili wakampekua yeye. Baada ya dakika chache akanyanyuka na kuondoka, na wale madume wakajikuta wanapekuana wao kwa wao. Bibi yangu alikuwa na sinia la kahawa kwa kazi hiyohiyo.

Alikuwepo pia Kuif, rafiki wa Mama, ambaye maziwa yalikuwa haba na watoto wake walikufa. Kila msiba alikaa siku nyingi amejikunja, hali. Jike mwingine, Krom, alikuwa kiziwi, hamsikii mwanawe akilia hata akimkalia. De Waal na watunzaji wakamfundisha Kuif kunyonyesha kwa chupa kupitia wavu wa chuma, siku baada ya siku, kisha wakamkabidhi mtoto wa Krom, Roosje. Kuif alimlea, na baadaye akalea watoto wake mwenyewe kwa chupa. Nataka mjue kwamba hayo yalifanyika kwa uvumilivu wa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kufagia vinyesi na kukata mboga. Mkienda kwenye bustani, msalimieni mtunzaji kabla ya kusoma kibao. Yeye ndiye anayejua nani ni binti wa nani.

Sasa, vijana, daftari. Kukaa tu hakutoshi. Jicho la binadamu linafuata kelele. Mwisho wa siku utaandika kwamba sokwe walipigana kutwa nzima, kumbe walipigana dakika tatu na kupekuana saa nne. Dawa ya ugonjwa huu ilitoka Kenya. Jeanne Altmann, Mmarekani aliyewachunguza nyani wa Amboseli, alichapisha mwaka 1974 makala kuhusu namna ya kutazama, na leo hakuna mtafiti wa tabia za wanyama asiyeijua. Njia yake moja ni hii: chagua mnyama mmoja kabla hujaona anafanya nini. Mtazame dakika kumi. Andika kila atendalo, hata akijikuna, hata akilala. Zogo likizuka upande wa pili, usigeuze kichwa. Dakika zikiisha, chukua mwingine kwenye orodha, hata kama ni yule mnyonge anayekaa kwenye kona na ambaye hakuna mgeni anayempiga picha. Njia ya pili ni kupitisha macho kundi zima kila baada ya muda maalumu, tuseme dakika tano, na kuandika kila mmoja yuko karibu na nani wakati huo. Fanya hivyo wiki mbili, utakuwa na ramani ya urafiki wao bila kumuuliza mtu.

Ndani ya ramani hiyo kupekuana manyoya ndiko kutakakokuonyesha mengi. Watu husema wanatoana chawa. Chawa wapo, na uchafu upo, lakini utagundua kwamba aliyepekuliwa asubuhi na fulani ndiye atakayemsimamia fulani jioni. Wanawake wanaosukana nywele barazani hawakai saa tatu kwa ajili ya nywele peke yake. Tena namna ya kupekuana ina mila. Sokwe wa Mahale huketi wawili wakitazamana, kila mmoja akainua mkono, wakashikana viganja juu ya vichwa, na kwa mkono wa pili kila mmoja anampekua mwenzake kwapani. William McGrew na Caroline Tutin waliliandika hilo mwaka 1978. Sokwe wa Gombe, ufuko uleule wa ziwa, chini ya kilomita 200 kaskazini, hawana desturi hiyo. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 na kukaa nao miaka na miaka. Kama wangekuwa nayo angeiona.

Nimrudie Mama wa Arnhem. Alikufa Aprili 2016 akiwa na miaka 59. Siku zake za mwisho alilala kwenye majani makavu, hataki kula. Jan van Hooff, naye akikaribia miaka 80, aliingia ndani ya chumba, jambo asilothubutu kulifanya miaka yote arobaini na zaidi ya kujuana kwao, kwa kuwa sokwe ana nguvu ya kutisha. Filamu yake imeonwa na mamilioni. Mama anafumbua macho, anachelewa kidogo, kisha uso mzima unafunguka kwa furaha. Ananyoosha mkono, anampapasa mzee nywele, anamvuta shingo, na vidole vyake vinamgonga kisogoni taratibu, vinarudia, vinarudia. Hivyo ndivyo sokwe anavyomtuliza mtoto anayelia. De Waal, aliyefariki mwaka 2024, aliamini kwamba Mama alihisi woga wa mgeni wake na alikuwa akimwondoa hofu. Mimi nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na sina maelezo bora.

Nimalizie nyumbani. Si kila sokwe aliyefungiwa alizaliwa kifungoni. Wale wa kituo cha Sweetwaters, karibu na Nanyuki, walianza kuletwa Kenya mwaka 1993 kutoka Bujumbura, yatima waliokuwa wakitunzwa pale wakati Burundi ikiingia vitani. Na upande wetu wa Tanzania kuna kisa ambacho nashangaa watoto wetu hawafundishwi. Kati ya 1966 na 1969, Mjerumani Bernhard Grzimek na watu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt walikusanya sokwe wapatao 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Wengi walikuwa wamekamatwa utotoni Afrika Magharibi, na wengine walikuwa wameishi kifungoni miaka mingi. Waliletwa kwa meli, wakapandishwa mashua, wakafunguliwa milango ya masanduku yao kwenye kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria, kisiwa cha msitu ambacho hakikuwa na sokwe. Hawakuwahi kufundishwa kujitafutia. Mwanzo ulikuwa mgumu; baadhi walivamia nyumba na kushambulia watu, na madume wawili walipigwa risasi. Lakini waliosalia walijifunza matunda ya msitu, wakaanza kujenga viota juu ya miti kila jioni, wakazaa.

Wajukuu na vitukuu wao wako huko hadi leo. Hakuna mfereji wa kuwatenganisha nanyi, na kwa miaka mingi hawakuwapenda watu. Mtafiti aliyetaka kuona nani anampekua nani Rubondo aliamka gizani, akafuata sauti na maganda ya matunda, na siku nyingi alirudi kambini jioni akiwa ameona viota vitupu.